Kiswahili Mlangoni mwa Shule ya Msingi: Funzo la Historia kutoka Uganda

Utangulizi

Tarehe 7 Julai sasa ni siku yetu sisi walimu wa Kiswahili. Mnamo Novemba 2021 UNESCO, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, liliitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Tangu hapo siku hiyo imefika hata katika shule za msingi ambazo zamani hazikuwa na habari na lugha hii.

Hivi karibuni nilialikwa kuhudhuria maadhimisho hayo katika shule moja ya msingi iliyoko mashariki ya Uganda, si mbali sana na barabara kuu iendayo mpakani. Uwanja ulikuwa umefagiwa vizuri, viti vya wazee vimepangwa chini ya mwembe, na watoto wamevaa sare zilizofuliwa. Tulipowasili walisimama wote wakasema kwa sauti moja, "Shikamooni!" Ilionekana kwamba neno hilo walikuwa wamejifunza juma lile lile. Wanafunzi wa darasa la 4 waliimba. Wale wa darasa la 6 wakatoa ngonjera juu ya usafi. Kisha darasa la 5 wakaigiza mambo ya sokoni: msichana mmoja mwembamba aliuza nyanya, na wenzake wakapatana naye bei kwa Kiswahili cha kuhesabu maneno. Watazamaji walifurahi sana. Kazi yote hiyo ilikuwa imefanywa na mwalimu mmoja, baada ya saa za masomo, akiwa na kitabu kimoja tu ambacho alikinakili ubaoni ukurasa baada ya ukurasa.

Mwishoni watoto waliruhusiwa kuwauliza wageni maswali. Yule muuza nyanya aliinua mkono, akasimama, akaniuliza: "Mwalimu, haya tuliyojifunza yataulizwa katika mtihani wa darasa la 7?" Mwalimu Mkuu alicheka. Wazazi nao wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha kuficha kwamba sikuwa na jibu la kumpa.

Wakati wa chakula niliketi karibu na mzee mmoja ambaye Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha walimu wote tuliokuwapo. Nikamwuliza, "Mzee, Kiswahili hiki ulijifunzia Kenya au Tanzania?" Akanitazama kwa mshangao kidogo, akasema, "La, mwalimu. Nilijifunzia hapa hapa Uganda, tena darasani. Baba yangu alikuwa askari polisi."

Swali la mtoto yule na jibu la mzee yule ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Nataka kueleza jinsi lugha moja ilivyosimama mlangoni mwa shule ya msingi ya Uganda kwa zaidi ya miaka 100, mara ikiitwa ndani, mara ikitolewa nje, na kwa nini ilikuwa hivyo. Naamini ya kwamba walimu wenzetu wa nchi jirani watayaona humo mambo yanayowahusu na wao.

Kabla shule haijawa na paa

Wako wasemao kwamba Kiswahili ni mgeni katika elimu ya Uganda. Historia haikubaliani nao. Wafanyabiashara waliotoka pwani walifika katika ikulu ya Kabaka Suna wa Buganda katika miaka ya 1840. Walileta nguo, ushanga, bunduki na dini ya Kiislamu, na lugha ya shughuli zao ilikuwa Kiswahili. Mwana wa Suna, Kabaka Mutesa wa Kwanza, alijifunza Kiswahili pamoja na Kiarabu, na kuanzia mwaka 1867 aliufunga mwezi wa Ramadhani kwa muda wa miaka kama 10. Vijana wa ikulu walianza kufundishwa kusoma kwa herufi za Kiarabu.

Stanley alipofika kwa Mutesa mwaka 1875, mazungumzo yao yalipitia katika Kiswahili. Alipoondoka alimwacha kijana aliyeitwa Dallington Muftaa, ambaye alikuwa amesoma katika shule ya misheni huko Unguja, ili amsomee Kabaka Maandiko. Kijana huyo twaweza kumhesabu kuwa miongoni mwa watangulizi wa kazi yetu: alikuja na elimu aliyoipata kisiwani, na kwa Kiswahili akaifundisha bara.

Wamisionari Waprotestanti wa Kiingereza walifika mwaka 1877, na Mapadri Weupe kutoka Ufaransa wakafuata mwaka 1879. Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Scotland aliyewasili mwaka 1878, aliwafundisha vijana kusoma kwa kutumia sehemu za Maandiko zilizokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na Askofu Edward Steere huko Unguja. Vitabu vya Kiganda vilikuwa havijakuwapo bado. Kwa hiyo wengi wa wasomaji wa kwanza wa Buganda, Waislamu na Wakristo, walianza safari ya elimu wakiwa na Kiswahili mkononi.

Alama za siku zile hazijafutika. Katika Kiganda cha leo, kusoma ni "okusoma", kitabu ni "ekitabo", kalamu ni "ekkalaamu", na shule yenyewe huitwa "essomero", yaani mahali pa kusomea. Mtoto wa Buganda asiyejua sentensi moja ya Kiswahili huenda shuleni kila asubuhi akiwa na maneno hayo kinywani mwake.

Hata hivyo mambo yalibadilika upesi. Askofu Alfred Tucker, aliyefika Buganda mwaka 1890, hakupendezwa na Kiswahili, kwa sababu alikiona kuwa karibu mno na Uislamu. Wakati huo huo George Pilkington alikuwa akiendelea na kazi ya kutafsiri, na Biblia nzima ya Kiganda ikakamilika mwaka 1896. Tusiikosoe kazi hiyo. Kumpa mtu kitabu katika lugha ya mama yake ni jambo jema, na Kiganda kilipata maandishi imara ambayo yamekitunza mpaka leo. Lakini tangu hapo shule za misheni, ambazo ndizo zilizokuwa karibu shule zote za nchi, zilishika njia ya lugha za kienyeji na Kiingereza. Kiswahili kikabaki njiani, sokoni na katika kambi za askari. Jeshi la K.A.R., ambalo watu waliliita Keya, lilikifanya kuwa lugha yake ya amri.

Waraka wa Gavana

Serikali ya kikoloni ilianzisha Idara ya Elimu mwaka 1925, na mwaka huo huo akaja Gavana mpya, Sir William Gowers. Gowers alikuwa ametoka Nigeria ya Kaskazini, ambako Kihausa kilitumika sana katika utawala. Alipoiona Uganda, nchi yenye lugha nyingi na shule chache, aliona kwamba itahitaji lugha moja ya kuwaunganisha watu. Mnamo Novemba 1927 alitoa waraka wa kutaka Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi.

Kwa mtu aitazamaye hesabu tu, hoja zake zilikuwa na nguvu. Kuandika vitabu vya shule na kuwafunza walimu kwa kila lugha ni gharama kubwa. Tena katika Kenya, Tanganyika na Unguja mipango ya kusanifisha Kiswahili ilikuwa ikiendelea. Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ikaanza kazi. Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi nne zilizoiunda.

Lakini shule haiendeshwi kwa hesabu peke yake. Kabaka Daudi Chwa wa Pili aliupinga mpango huo kwa maandishi mwaka 1929. Alisema kwamba Kiswahili hakihitajiki kwa elimu ya watu wake, na kwamba hatakubali jambo lolote litakaloifanya lugha hiyo ichukue mahali pa Kiganda. Maaskofu wa Kianglikana na wa Kikatoliki nao wakapeleka hoja zao London mwaka 1931.

Hapa yafaa tuwe waadilifu. Aghalabu sisi walimu wa Kiswahili tunaposimulia habari hizi huwaita watu wale maadui wa Kiswahili. Mimi naona tuwasikilize kwanza. Miaka ile ndiyo iliyokuwa ya mazungumzo ya kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya utawala mmoja. Tume ya Hilton Young ilitoa ripoti yake juu ya jambo hilo mwaka 1929. Waganda walijua ardhi ya Waafrika wa Kenya ilivyochukuliwa na masetla, wakaogopa kwamba muungano huo ungeleta balaa hiyo kwao. Kiswahili kilipoletwa na Gavana wakati huo huo, walikiona kuwa kamba ya kuwafungia. Tena Daudi Chwa aliitetea lugha yake kwa mapenzi yale yale ambayo sisi twaitetea yetu. Kosa la waraka wa Gowers halikuwa katika lugha iliyochaguliwa. Kosa lilikuwa kwamba lugha ya mtoto ilikatwa kama shauri la ofisi, na wazazi wakaisoma habari yake katika tangazo.

Mwaka 1952

Mpango wa Gowers ulitekelezwa nusu nusu, kisha ukafifia. Mwaka 1944 mkutano uliofanywa Makerere juu ya lugha za shule ulipendekeza Kiswahili kiondolewe katika orodha ya lugha za kufundishia. Mwaka 1952 serikali ilitangaza kwamba Kiswahili hakitatambuliwa tena kuwa lugha ya shule nchini Uganda, isipokuwa katika shule za watoto wa askari polisi.

Mtaona sasa kwamba yule mzee niliyekula naye alikuwa akisema historia. Alizaliwa katika kambi ya polisi, na katika miaka ya 1950 akasoma katika shule ya namna hiyo. "Kwetu sisi," aliniambia, "Kiswahili hakikuwa somo. Hesabu tulifundishwa kwa Kiswahili, na kupigwa tukapigwa kwa Kiswahili." Nje ya ua wa kambi, watoto wa umri wake hawakuruhusiwa hata kukisikia darasani. Serikali iliona kwamba lugha hii yamfaa mtu atakayeshika rungu na bunduki, lakini haimfai mtoto atakayeshika kalamu. Sidhani kama wakubwa wale walikusudia hivyo, lakini ndivyo ilivyofahamika kwa wananchi, na doa hilo limekuwa gumu kutoka.

Kuna jambo jingine la kustaajabisha. Mwaka 1952 huo huo, makao ya Kamati ya Lugha yalihamishwa kutoka Nairobi yakaletwa Makerere, yakakaa hapo mpaka mwaka 1962. Kwa hiyo katika miaka 10 ya mwisho ya ukoloni, wataalamu wa Kiswahili wa Afrika ya Mashariki yote walikuwa na ofisi yao juu ya kilima cha Makerere, wakichunguza istilahi na kupitia miswada ya vitabu, huku katika shule za msingi zilizo bondeni chini yao Kiswahili hakifundishwi.

Amri isiyo na vitabu

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na Kiingereza kikawa lugha rasmi. Shule za msingi zilitumia lugha chache za kienyeji katika madarasa ya chini, kisha Kiingereza. Katika shule nyingi, mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya kwao alivikwa kipande cha ubao au mfupa shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Walimu wa Kenya wanaijua adhabu hiyo vilevile.

Mnamo Agosti 1973 Idi Amin alitangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Redio na televisheni zikakitumia zaidi. Lakini katika shule za msingi amri hiyo haikupata miguu. Hapakuwa na vyuo vilivyotayarishwa kuwafunza walimu, hapakuwa na vitabu vya kutosha, wala hapakuwa na nafasi kwenye ratiba. Wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Tena katika miaka ile raia alikisikia Kiswahili mara nyingi kwa askari aliyemsimamisha njiani usiku. Jina la lugha ya taifa lilipokuwa likitajwa redioni, watu wengi walikumbuka jambo jingine.

Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala. Nao pia walisema Kiswahili, na wakazi wengi wa mji waliwapokea kwa shangwe. Waliorudi kutoka uhamishoni Kenya na Tanzania walirudi na watoto waliokwisha kusoma kwa Kiswahili. Hivyo lugha moja ikawa na kumbukumbu mbili katika nyumba moja: baba aliikumbuka kwa kizuizi cha barabarani, na mtoto aliikumbuka kwa mwalimu wake wa darasa la 1. Nadhani mwalimu yeyote anayefundisha Kiswahili Uganda hana budi kujua kwamba wazazi wa wanafunzi wake hubeba kumbukumbu hizo.

Sera njema na ratiba tupu

Mwaka 1987 serikali iliunda Tume ya kuchunguza elimu, ikiongozwa na Profesa William Senteza Kajubi, na ripoti yake ikatoka mwaka 1989. Waraka wa serikali uliofuata mwaka 1992 ulikubali kwamba Kiswahili na Kiingereza vifundishwe kama masomo ya lazima kwa watoto wote wa shule za msingi, na ukakisifu Kiswahili kwa uwezo wake wa kuwaunganisha wananchi. Safari hii jambo lilitokana na maoni yaliyokusanywa kwa wananchi wenyewe. Walimu wengi walidhani mlango sasa umefunguka.

Kisha mwaka 1997 ukaanza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Idadi ya watoto shuleni iliruka kutoka kama milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka 1997. Hilo lilikuwa tendo kubwa la haki, kwa maana watoto wa maskini waliingia darasani. Lakini mwalimu mmoja alijikuta mbele ya wanafunzi 100 na zaidi, wengine chini ya mti. Katika hali hiyo Mwalimu Mkuu alijiuliza swali moja tu: ni masomo gani yatakayoulizwa katika mtihani wa mwisho? Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa na masomo manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kiswahili hakikuwamo. Basi vipindi vichache vilivyoandikwa "Kiswahili" katika ratiba vikageuzwa kuwa vya Hesabu, na hakuna aliyelaumiwa.

Mambo mengine yalisonga mbele. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutumika tarehe 7 Julai 2000, uliagiza Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2007 ulianza mtaala mpya uliorudisha lugha za mama katika madarasa matatu ya kwanza, jambo ambalo mwalimu mwema wa Kiswahili analiunga mkono. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka ya mwanzo. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Tukihesabu tangu waraka wa Gowers mpaka uamuzi huo, ni miaka 95. Tofauti ni kubwa, kwa kuwa mwaka 1927 aliyeamua alikuwa mgeni, na mwaka 2022 walioamua walikuwa wananchi. Lakini neno moja halikubadilika. Katika mwaka ule wa 2022 pia, mtoto wa darasa la 7 aliingia katika chumba cha mtihani akijibu masomo yale yale manne.

Nani aliyekosa?

Huenda mtu akasema: ikiwa Kiswahili kimeenea Uganda bila shule ya msingi, shule yahitajika ya nini? Hoja hii yastahili kujibiwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa lugha walifanya uchunguzi mkubwa nchini Uganda. Waligundua kwamba Kiswahili, ambacho kilikuwa hakifundishwi, kilijulikana na watu wengi kuliko Kiingereza, ambacho kilifundishwa kila siku. Habari hiyo huturidhisha sana sisi wapenzi wa lugha hii. Lakini tuisome mpaka mwisho. Waliokijua walikuwa zaidi ya nusu ya wanaume wa nchi, na chini ya robo ya wanawake.

Sababu yake ni wazi. Kiswahili kilikuwa kikijifunzwa jeshini, katika polisi, katika reli, katika migodi ya Kilembe, katika malori ya kwenda Mombasa. Hayo yote yalikuwa mahali pa wanaume. Mwanamke aliyebaki shambani hakupata mwalimu. Mumewe aliporudi likizo na lugha ya safari, yeye alibaki na lugha ya nyumbani, na alipokwenda mnadani kuuza ndizi zake kwa mfanyabiashara aliyetoka mbali, alihitaji mtu wa kumsemea.

Kwa hiyo Kiswahili kilipokosa nafasi katika shule ya msingi, hasara haikugawanywa sawasawa. Mvulana alikuwa na barabara ya kumfundisha. Msichana hakuwa na mahali pengine ila darasani. Hili ndilo nililolifikiri usiku ule nilipomkumbuka muuza nyanya wa darasa la 5. Watazamaji walicheka kwa sababu aliigiza vizuri. Lakini baada ya miaka michache huenda akaketi katika soko la mpakani kwelikweli, mbele ya wanunuzi kutoka Kenya na wachukuzi kutoka Tanzania, na pale bei itategemea maneno aliyonayo. Swali lake juu ya mtihani halikuwa la kitoto. Alikuwa akiuliza kama wakubwa wamekata shauri kweli au wanacheza.

Hitimisho

Historia hii yatufunza mambo matatu ambayo, kwa maoni yangu, yanafaa si kwa Uganda peke yake bali kwa kila nchi jirani inayotaka kukiingiza Kiswahili katika shule zake.

Kwanza, tusikijenge Kiswahili juu ya dharau kwa lugha za mama. Mtoto anayejua kusoma Kiganda, Ateso au Lugbara vizuri hupata Kiswahili upesi, na mzazi asiyeogopa kupoteza lugha yake hufungua mlango mwenyewe. Lau Daudi Chwa angehakikishiwa hilo mwaka 1929, pengine mabishano yangekuwa mafupi.

Pili, amri haifundishi. Amri ya mwaka 1927, ya 1973 na hata sera njema ya 1992 zote zilikwama mahali pamoja: hapakuwa na mwalimu aliyefunzwa, mwenye kitabu mkononi na kipindi kinachoheshimiwa katika ratiba. Shule za polisi zilikuwa na vitu hivyo, ndiyo maana mzee yule angali anasema Kiswahili fasaha baada ya miaka zaidi ya 60. Kwa hiyo chama cha walimu kinachotaka kusaidia kisiishie katika kutoa matamko kila mwezi wa Julai. Kikusanye vitabu, kiandae semina za likizo kwa walimu wa shule za msingi, kimtembelee yule mwalimu anayefundisha peke yake jioni, kimwambie kwamba kazi yake inaonekana.

Tatu, ni lazima jambo la mtihani lisemwe waziwazi. Mimi si mmoja wa wale wanaoamini kwamba mtihani ndio elimu. Lakini tumeona jinsi ratiba inavyoufuata mtihani, na jinsi mzazi anavyoifuata ratiba. Maadamu somo halipimwi, litakuwa la sherehe: litatolewa kabatini tarehe 7 Julai, lipigiwe makofi, lirudishwe tarehe 8.

Nilipoagana na Mwalimu Mkuu nilimwomba aniitie yule msichana. Alikuja mbio, angali amejifunga kanga ya kuuzia nyanya. Nikamwambia ukweli: kwamba kwa wakati ule maneno aliyojifunza hayakuwamo katika mtihani wa darasa la 7, na kwamba wako watu wanaopigania yawemo. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kama angeweza kuendelea kujifunza hata hivyo. Nikamwambia aendelee. Mwalimu wake, aliyekuwa amesimama kando na kile kitabu chake kimoja kwapani, aliinamisha kichwa akatabasamu.

Juma lililofuata nilimpelekea vitabu vitatu kwa basi la asubuhi. Havitoshi, lakini sasa anavyo vinne.